Siku Lori la Mbegu Lilipokuja Tupu

Nilishika funguo za stoo ya ushirika miaka thelathini na moja, na sijawahi kuiba hata punje moja ya ndengu. Natanguliza hilo kwa sababu nitakayowaambia yatawafanya mnifikirie vibaya, na mkishafika huko, angalau mjue sikuwa mwizi. Nilichofanya mimi hakina kifungu cha sheria. Nilijaza fomu.

Naongea na nyinyi mliochaguliwa kwenye kamati mwezi uliopita. Mlikuja kwangu wanne, mkanibebea kiti cheupe cha plastiki na soda ya moto, mkasema, "Susu, tufundishe kazi." Nikafurahi, maana susu ni nyanya, na nyanya akiombwa ushauri na watu wa digrii hukaa wima. Nikaanza na habari za magunia. Halafu Mwende, karani wenu, akatoa simu akauliza swali moja, na soda ikaniponyoka mkononi. Mlidhani ni presha, mkaanza kunipepea na gazeti. Haikuwa presha. Ulikuwa mshtuko, na sikuweza kuongea siku ile, ndiyo maana nimeandika. Swali la Mwende nitalifikia. Kwanza lazima mjue lilitoka wapi.

Aliyenifundisha kazi ni Bwana Mulei, mtunza stoo wa kwanza wa chama chetu, mtu mfupi mwenye jino la mbele lililokatika. Jino hilo lilikatwa na ndengu. Mkulima akileta gunia, Mulei aliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa punje za katikati, akaiuma moja. Ikibonyea chini ya jino, haijakauka, rudi nayo nyumbani ukaianike. Ikipasuka, karibu. "Punje za juu mtu anakuchagulia yeye," alikuwa akiniambia. "Wewe tafuta za katikati."

Mkiogopa meno yenu, kuna njia ya chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia ndengu robo, tia chumvi kavu kijiko, tikisa, iache itulie. Chumvi ikishika kwenye kioo, punje bado zina maji. Na mbegu yoyote, hata ikija na karatasi yenye muhuri, hesabu kumi, zifunge kwa kitambaa kibichi siku tano, kisha fungua uone ngapi zimeota. Hakuna simu itakayowafanyia hiyo kazi.

Mwaka wangu wa kwanza nilipanga magunia nikiyaegemeza ukutani, kwa sababu yalipendeza yakiwa yamenyooka hivyo. Ukuta ule ulikuwa unavuja. Mulei alirudi kutoka kwa mazishi ya shemeji yake akakuta safu nzima ya chini imeota ndani ya stoo, majani meupe yanatoka kwenye nyuzi za gunia. Hakunigombeza. Alinikalisha jikoni nikazipika zote, kamati ikala ndengu zilizoota kwa mikutano miwili mfululizo, na mwenyekiti akanisifu eti nina mkono mzuri. Tangu siku ile magunia yangu hukaa juu ya mbao, hatua moja kutoka ukutani, na nataka yenu yakae hivyo.

Sasa nije kwa serikali.

Nchi yetu hii ya ukame, serikali ndiyo iliyokuwa na mbegu, lori, mizani na muhuri. Sisi tulikuwa na watu na stoo. Sasa wakiwa wawili hivyo, mmoja ana kila kitu na mwingine ana watu, lazima wazoeane, kama vile watu waliooana wakiwa wazee. Afisa wa kilimo wa wakati huo alipata petroli ya pikipiki Alhamisi peke yake. Basi sisi tukahamisha mkutano wetu kutoka Jumatatu kwenda Alhamisi. Chifu akaona Alhamisi watu wote wako kwetu, akahamisha baraza lake hadi Jumatano. Ofisi ya kilimo nayo ikaona habari zote zinapatikana Alhamisi, ikasema ripoti ziletwe Ijumaa. Hakuna aliyemwamuru mwenzake. Baada ya miaka miwili, ungeuliza mtu yeyote kwa nini mambo yanafanywa siku hizo, angekuambia ni sheria.

Kamati yetu ilikuwa ya watu tisa. Fomu ya usajili ikaja na nafasi tano. Tukakaa chini tukapunguza wanne, na mmoja wao, Mzee Nzioka, hakunisalimia kwa muda mrefu, hata tukikutana mlangoni mwa kanisa. Kumbe huko ofisini kuna mtu alisoma daftari letu la zamani, akaona vyama vya huku vina kamati ya watu tisa, akachapisha fomu mpya yenye nafasi tisa. Tukarudi kwa Nzioka kumbembeleza. Akatuambia tumwache mpaka fomu ya tatu itoke, ndipo atajua kama yeye ni mtu au si mtu.

Tulicheka sana hiyo siku, na nyinyi chekeni. Sisi tulijikata tutoshee kwenye karatasi yao, nao wakapanua karatasi yao itutoshee sisi, na wakati huo nilidhani huo ndio uungwana.

Halafu ukaja ule ukame uliomaliza ng'ombe. Ulipoisha, serikali ikaanza kuleta mbegu bure kupitia ushirika. Ilikuwa ndengu mpya, kubwa, inayong'aa, inaiva yote mara moja. Mbegu nzuri, sitasema uongo. Lakini ilikuwa na sharti: isichanganyike na za zamani. Kamati ikaamua kila mwanachama atoe mbegu yake ya nyumbani, iuzwe kama chakula, ndipo aandikwe kwenye orodha ya lori. Nani apite nyumba kwa nyumba kuzikusanya? Mwenye funguo.

Ng'ambo ya mto wetu wa mchanga anakaa mama mmoja anaitwa Kavata. Ni mjane, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi na tano, na mimi humwita mwaitu, yaani mama, kama tunavyowaita wakubwa wetu. Alikuwa na vibuyu viwili vya ndengu vikining'inia juu ya jiko, mahali moshi unapopita. Punje ndogo, nyeusi nyeusi, hazing'ai. Alipewa na mama mkwe wake, naye alipewa na wake. Ndengu hiyo ukiipanda kwenye vumbi mwezi wa kumi, mvua ya Novemba ikinyesha mara tatu tu ikakatika, bado inazaa. Kila msimu watu walioishiwa walienda kwake na kikombe, akawajazia, bila kuandika.

Alikataa kuitoa. Nilirudi mara tatu. Mara ya tatu nilimwambia, "Mwaitu, usipoitoa, jina lako halitaandikwa. Lori likija utakuwa unaangalia wengine."

Akaviteremsha vibuyu mwenyewe. Akafuta masizi na leso yake, akanipa. "Chukua basi, Mbithe," alisema. "Lakini uiweke. Usiile."

Nikamwambia sawa. Nilisema sawa kwa urahisi vile mtu anasema sawa akiwa na haraka ya kwenda nyumba nyingine. Nilipofika stoo nikavimimina vibuyu vyote viwili ndani ya gunia moja na za watu wengine, gunia likaenda shule ya msingi, watoto wakala na mahindi.

Miaka ikaenda. Lori likaja kila Oktoba. Tukazoea. Hakuna aliyeweka mbegu tena nyumbani, ya nini, na lori linakuja? Vibuyu watu waliwekea maziwa, na maziwa yalipohamia kwenye mikebe, wakavitupa.

Kila msimu kabla lori halijaja, ofisi ilileta fomu. Swali la sita lilikuwa hivi: chama kina akiba ya mbegu? Ipo, au haipo. Mara ya kwanza niliandika haipo, kwa sababu haikuwapo. Afisa akanirudishia. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba chama kisicho na akiba hakihesabiwi kama chama imara, kinapelekwa kwenye orodha ya watu wa msaada wa chakula, na huko hakuna mbegu, kuna unga. "Mama, si uandike tu ipo," alisema. "Si lori likija itakuwapo?"

Niliona ana akili. Nikaandika ipo. Msimu uliofuata nikaandika ipo. Ikafika mahali sikusoma swali, mkono ulijua njia.

Hebu sasa simameni upande wa ofisi, kwa sababu mimi sikuwahi kusimama huko mpaka nilipochelewa. Huko kuna mtu anapokea fomu zangu na za vyama vingine. Zote zinasema ipo, msimu baada ya msimu. Naye ana mashamba ya kuzalisha mbegu, ana vibarua, ana bosi anayemuuliza haya yote ni ya nini ikiwa wakulima wenyewe wana akiba. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Wakayafunga yale mashamba polepole. Wakapanga kitu cha maana kabisa kwa macho yao: lori litapita kwenye vyama vilivyo na mbegu, likusanye, liwapelekee wasio nayo.

Barua ya kutuambia hivyo ilikuja, mimi ndiye niliyeipokea. Ilikuwa ndefu. Nilisoma tarehe ya lori kufika, nikaenda kuwatangazia watu.

Asubuhi hiyo watu walianza kupanga foleni kabla jua halijatoka kwenye vilima. Ilikuwa mwisho wa Oktoba, mawingu yameanza kukaa upande wa Kitui, mashamba yamelimwa na maksai, mifereji iko wazi inangoja. Mnajua huku kwetu ukipanda baada ya mvua ya kwanza umechelewa. Mwaitu Kavata alikuwa mtu wa nne au wa tano kwenye mstari, na kimfuko chake amekikunja vizuri chini ya kwapa.

Lori likaja. Likarudi nyuma mpaka mlangoni pa stoo, wazee wakaliongoza kwa mikono. Akashuka afisa kijana, mgeni, aliyehamishiwa huku mwaka huo, shati limenyooshwa vizuri. Akaiona foleni, uso wake ukafurahi sana, mpaka leo nikiukumbuka ule uso nasikia vibaya.

"Wazee na akina mama, hamjambo," alisema. "Nimeshukuru sana kwa vile mmejitokeza. Tutaanza na nani kupima?"

Mwenyekiti wetu akamwambia aanze na walio mbele, wamekuja mapema.

"Sawa. Wamebeba kilo ngapi?"

Tulitazamana. Mwenyekiti akasema hawajabeba, si ndiyo wamekuja kubeba. Afisa akacheka kidogo, akidhani anataniwa. Kisha turnboy, msaidizi wa dereva, akafungua mlango wa nyuma wa lori ili watu waanze kupakia, na sote tukaona ndani. Kulikuwa na kamba, turubai iliyokunjwa, na gurudumu la akiba.

Watu wengi namna ile, na nilisikia kuku wakiparua nyuma ya stoo. Foleni haikuvunjika. Watu waliendelea kusimama kwenye mstari wakilitazama lori tupu, kwa sababu walizoea kwamba ukisimama kwenye mstari huo, unapewa.

Yule kijana akafungua faili yake, akanionyesha karatasi. Ulikuwa mwandiko wangu. Swali la sita, ipo, na chini yake muhuri wetu, umegongwa katikati ya mstari kama ninavyopenda.

"Mama, ni wewe uliyeandika?"

"Ni mimi."

"Sasa iko wapi?"

Nilisema kitu ambacho kilinishtua hata mimi mwenyewe kikitoka. Nilimwambia, "Nilidhani ni yenu."

Akakaa kwenye ngazi ya stoo na lile shati lake safi. Akawapigia simu wenzake wa malori mengine, kisha akaniambia kwamba sisi tulikuwa chama cha nne asubuhi ile. Wote walisema ipo. Wote walikuwa kwenye foleni. Nilikuwa nikijiona mimi peke yangu mwenye kauongo kadogo kanakotosha kwenye kisanduku cha fomu. Kumbe tulikuwa wengi, na kila mmoja alimtegemea mwenzake awe ndiye mkweli. Serikali ilidhani mbegu iko kwetu, sisi tulidhani iko kwao, na haikuwa popote.

Mwaitu Kavata akatoka kwenye mstari. Alikuja taratibu mpaka mbele yangu, hakuwa na hasira, angekuwa na hasira ningejua pa kushika.

"Mbithe," alisema, "si kitu, lori limekosea. Niletee basi ile yangu uliyoniwekea. Hata kibuyu kimoja tutagawana."

Nilifungua stoo. Nikaingia, nikajifanya natafuta. Kweli kabisa, mwanamke mzima, nilisogeza mbao nilizozijua zote, nikijua hakuna kitu, watu wakisubiri nje. Niliporudi nilitazama viatu vyangu nikasema, "Nitaitafuta vizuri kesho."

Mvua ilinyesha siku ya sita. Watu walikuwa wamekimbia hadi mjini Sultan Hamud kununua ndengu za dukani, za kula, zilizokaa kwenye gunia haijulikani tangu lini. Niliwaambia wazifunge kwa kitambaa kwanza. Nani alikuwa na siku tano? Zikaota hapa, zikaacha pale. Mvua ikanyesha mara tatu, ikakatika. Mara tatu kamili. Shamba la Kavata, lililokuwa likijaza vikombe vya watu, lilitoa kikapu kimoja. Januari akasimama kwenye mstari wa unga, na aliyekuwa akiita majina ni mimi. Nilipoita lake aliitika "niko", akapokea, akaniambia asante.

Hakuna aliyefukuzwa kazi, mimi wala yule kijana. Ofisi iliandika kwamba kulitokea tofauti ya taarifa. Msimu uliofuata mbegu zilinunuliwa kwingine, lori likaja limejaa, watu wakapiga makofi. Swali la sita likaondolewa kwenye fomu, nikastaafu nikijua limezikwa.

Sasa mnaelewa nilichosikia siku ile mliponikalisha. Mwende alisema, "Susu, hapa inauliza kama tuko na mbegu ya akiba. Nikibonyeza hapana, inakataa kuendelea. Nibonyeze ndiyo tu?"

Nilitaka kuuliza kuna nini ndani ya stoo, nanyi mkawa mnanipepea na gazeti. Mlipoondoka nilichukua bakora nikateremka mwenyewe. Dirisha la stoo lina ufa, nikachungulia. Mmepanga viti vya plastiki mpaka darini, vya kukodisha kwa harusi na mazishi, na hema la buluu kando. Viti vyeupe. Ndipo nikajua kile nilichokalia nikiwaambia habari za akiba kilitoka wapi. Siwalaumu, viti vinaleta kitu kidogo na vinakaa ukutani bila kuota. Lakini niliogopa, wajukuu zangu, na bado naogopa nikiandika.

Kuna jambo la mwisho. Mwende aliniachia nakala ya orodha ya wanaosubiri mbegu ya Oktoba hii. Jina la saba ni Kavata.

Jana asubuhi nikavuka mto wa mchanga. Nilimkuta jikoni, macho yamepungua sana, akanitambua kwa hatua. Sikukaa. Miaka yote hii tumeimba kwaya moja, tumezikana na kuozeshana, na sikuwahi kurudi na jibu. Nikamwambia, "Mwaitu, ile mbegu haipo. Niliichanganya siku ileile. Ililiwa na watoto wa shule."

Akaendelea kuchochea moto.

"Nilijua," alisema. "Nilijua ulipoingia stoo na hukutoka haraka. Nilikuwa nangoja tu mtu wa chama aseme haipo."

Nikasimama hapo nikalia mbele ya mtu mzima. Aliniacha nilie. Juu ya jiko misumari miwili ya vibuyu bado iko, myeusi kwa masizi, haijaning'inizwa kitu. Nilipotulia akanielekezea kigoda, akauliza, "Na hao watoto uliowaachia funguo, wao wameandika nini?"

Nilimwambia sijui. Mwende, nimeambiwa mwisho wa kutuma ni Ijumaa. Njoo na simu, tubonyeze hapana mbele yake. Ikikataa, mimi na wewe tutapanda gari mpaka ofisini, na nitaisema kwa mdomo.